Mabakuli Manne ya Rafu ya Chini

Mama yake ndiye aliyemwita Kiguu, kwa sababu tangu mdogo alikuwa kiguu na njia, hata uji aliunywa amesimama. Alipokua na kuwa mfinyanzi, waliomjua walicheka. Kazi ya kukaa, walisema, itamshinda. Hawakujua kwamba mfinyanzi hakai. Kiguu alikanda udongo akauacha, akakimbilia gurudumu, akatoka kutazama vyombo vilivyokuwa vikikauka, akarudi kuvigeuza, akaenda kutega sikio kwenye tanuri la umeme kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane asiye na mtoto, na makazi yake yalikuwa chumba kimoja cha kulala na banda la bati nyuma yake.

Jumanne moja, yapata saa nne asubuhi, mwalimu wa chekechea aliingia bandani na mfuko mkononi. Alitoa bakuli zito la mviringo lenye mfuniko, rangi ya majani makavu, akaliweka mezani polepole.

"Dada, sijaja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Uliniambia hili linaingia kwenye maikrowevu."

"Nilisema."

"Juzi nilipika mapaja ya kuku humu, kwa dakika zile zile ninazopikia kwenye bakuli langu la kioo. Bakuli likawa la moto mpaka likaniunguza, tazama kidole. Nikasema kuku ameiva, maana chombo hakishikiki. Binti yangu kuuma, akakuta damu mfupani."

Kiguu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta hata ilipokuwa mikavu.

"Alimeza?"

"Matonge mawili. Aliharisha siku mbili. Leo yuko shule, anaruka kama kawaida. Ila nimejiuliza, kosa ni langu au ni la bakuli?"

Kiguu aligeuza bakuli. Chini kulikuwa na mikwaruzo mitatu, alama ya mchomo wa tatu wa mwezi ule. Akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja kwenye ukingo wa chini usio na rangi ya kung'aa. Tone lilitulia kidogo, kisha likafyonzwa.

"Ni la bakuli," alisema. "Na bakuli ni langu. Nisamehe, mwalimu."

Mwalimu aliomba chombo kingine, kilichoiva, kikiwepo. Kiguu alimchagulia kimoja kutoka mchomo wa mwezi uliotangulia, akadondosha tone la maji chini yake mbele ya macho yake, na tone hilo likabaki juu kama shanga. Mwalimu alipoondoka, Kiguu alizunguka meza mara nne bila kujua anatafuta nini.

Kilichomkosesha raha si kutojua. Alijua. Siku ya mchomo ule, alipofungua tanuri, aliona kile kijipembe cha kupimia moto, ambacho huinama kama mzee anayesinzia joto likifika, kimeinama vizuri rafu ya juu. Cha rafu ya chini kilikuwa kimesimama wima, kikavu kama askari. Waya mmoja wa chini ulikuwa umechoka. Aliona, akajiambia, si neno, vinang'aa vyote. Alikuwa na haraka ya kuwahi gulio la Jumamosi.

Udongo ule ukichomwa hadi moto wake halisi huwa kama jiwe, haunywi maji tena. Usipofika, hubaki na kiu. Kila ukioshwa, hunywa kidogo kidogo pale chini, na chombo kikiingia kwenye maikrowevu, maji hayo yaliyojificha ndani ya udongo ndiyo yanayochemka. Chombo kinamnyang'anya kuku moto wake. Mpishi anashika bakuli, anaungua, anadhani chakula kimeiva.

Rafu ya chini ilikuwa na mabakuli manne. La kwanza lilikuwa mezani pake. La pili alilinunua kinyozi wa barabara ya nyuma. La tatu alilinunua mwanamke asiyemfahamu, mjamzito, aliyevaa viatu vyeupe vya kazini. La nne alimpelekea kaka yake, ambaye wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji wa tumbo na alikuwa bado hana nguvu ya kufunga vifungo vya shati.

Alifunga banda bila kuvua aproni.

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Aliposikia habari, alicheka mpaka mteja akaomba mashine izimwe kwanza.

"Kuku gani, dada? Humu naloweka vitana."

"Nipe hivyo hivyo. Nitakuletea lingine."

"Vitana haviharishi."

"Leo vitana, kesho mkeo atalichukua apikie. Nipe."

Alimwaga maji yenye nywele kwenye mfereji akampa. Kiguu alitoka akitembea upesi, bakuli kwapani, na ndipo miguu ilipoanza kumsaliti. Nyumba ya kaka yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Alitumia nusu saa. Alipita mbele ya geti, akaenda hadi kona, akajifanya anasoma tangazo la ukutani, akarudi, akapita tena.

Tangu msiba wa mama yao alikuwa hajakanyaga ndani. Siku za mwisho za mama, wifi yake ndiye aliyemwogesha, akambadilisha mashuka, akamlisha kwa kijiko. Kiguu alikuwa akija, anaweka matunda mezani, anauliza hali, anaondoka kabla kiti hakijapata joto. Siku ya tatu baada ya mazishi, wifi alimwambia mbele ya mashangazi: "Wewe unapita tu, wifi. Hujawahi kukaa." Basi. Hakupandisha sauti. Lakini maneno hayo yalimkaa Kiguu rohoni miaka miwili, na kilichouma zaidi ni kwamba yalikuwa ya kweli. Hata bakuli la kaka alimkabidhi wifi kwenye mlango wa hospitali, akasema ana haraka.

Alibisha hodi. Wifi alifungua, mwanamke mnene mtaratibu, taulo la jikoni begani. Alitazama aproni, udongo uliokauka vidoleni, bakuli kwapani.

"Karibu, wifi. Kuna nini?"

"Bakuli nililompa kaka. Umempikia kuku humo?"

"Ingia kwanza."

"Niambie nikiwa hapa hapa. Umempikia?"

"Sijampikia. Ingia, mlango unaingiza nzi."

Kiguu aliegemea ukuta wa barazani kwa sekunde moja, kisha akaingia. Jikoni palikuwa padogo na safi, maikrowevu juu ya kabati, kalenda ya dawa za mgonjwa imebandikwa kwenye friji. Wifi hakupenda kuacha moto unawaka jikoni akiwa chumbani kwa mgonjwa, kwa hiyo vyakula vingi siku hizi alivipika kwenye maikrowevu. Aliinua mkono juu ya kabati akashusha bakuli la nne. Ndani yake kulikuwa na pakiti za dawa, pamba na mkasi.

"Nililijua siku ya kwanza," alisema. "Chombo kipya chochote nakijaribu. Nilikiosha, nikakiweka kitupu kwenye maikrowevu, na kikombe cha maji pembeni, dakika moja. Maji yakitoka ya moto na chombo kimepoa, ni chema. Hili lilitoka la moto, maji yako vile vile. Nikasema, hili litahifadhi dawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja lini nikuambie?"

Kiguu alichukua kitambaa kilichokuwa karibu akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Kisha akasema yote: waya uliochoka, kijipembe kilichosimama wima, gulio, binti wa mwalimu. Alisema akiwa anafuta, bila kuinua macho.

"Niliona nikaacha," alimaliza. "Ningeweza kumuua kaka."

Wifi alimnyang'anya kitambaa. "Hukumuua. Anakusikia huko chumbani, na ana njaa. Nilikuwa naanza kupika. Kaa uone, maana wewe unauza vyombo vya kupikia, sijui kama umewahi kupika kuku kwenye mashine hii."

"Sina maikrowevu."

Wifi alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha tumboni ambacho Kiguu hakuwa amekisikia tangu enzi za harusi ya kaka yake.

Kutoka kabatini alitoa bakuli jingine la udongo, mdomo wake umepinda upande. Kiguu alilitambua. Ni yeye aliyelifinyanga akiwa bado anajifunza, zawadi ya harusi, chombo cha aibu. Miaka ishirini na mitatu lilikuwa likipikiwa.

Wifi alipanga mapaja manne, yaliyoyeyuka barafu yote, sehemu nene zikitazama ukingoni na nyembamba katikati, kwa sababu katikati moto hufika kwa uchovu. Akatia kitunguu, chumvi, ndimu, maji kidogo, akafunika na kuacha upenyo wa mvuke. Hakuweka moto wa juu kabisa. "Ukikimbiza, nje panakauka na ndani pabichi," alisema. Katikati ya mapishi alisimamisha, akageuza kila kipande, akarudisha. Mashine ilipolia, Kiguu alinyanyuka kuchukua sahani.

"Bado. Dakika tano limefunikwa. Kuku anaendelea kuiva mwenyewe."

"Dakika tano zote?"

"Kaa, wifi."

Alikaa. Mguu wake mmoja ulitingishika chini ya meza mpaka vijiko vikagongana kwenye kikombe, akaubana kwa mguu wa pili. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia mlango. Wifi alikuwa akipanga dawa za saa saba.

Ndipo akafunua. Alichoma kipimajoto chembamba kwenye paja nene kuliko yote, karibu na mfupa bila kuugusa, kikapanda hadi nyuzi sabini na nane. "Chini ya sabini na tano silaumu mashine, narudisha," alisema. Akapasua kiungo kwa kisu. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe, nyama haikuwa na wekundu. Kisha akamsogezea Kiguu kisu na kipande cha pili. "Hiki pasua wewe. Usiniamini mimi." Kiguu alipasua, akainama akachungulia mfupa kwa muda mrefu kama anayekagua ufa kwenye chungu.

Kaka yake alikula kitandani ameegemea mito miwili, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alimtazama dada yake aliyesimama mlangoni.

"Kiguu, umesimama hapo kama mdai. Vuta kigoda."

Alivuta. Alikaa mpaka sahani ikaisha, tena akabaki kuosha vyombo, na alipoondoka wifi alimsindikiza hadi getini, jambo lililowashangaza wote wawili. Tangu siku hiyo alifika kila Alhamisi. Hakuwa mgeni mtulivu. Alikarabati bawaba za mlango, alihamisha vyungu vya maua, alimchosha mgonjwa kwa maswali. Lakini alibaki saa nzima, wakati mwingine mbili. Kwa mashangazi wifi alisema tu, "Siku hizi anakuja," na hilo lilitosha.

Mabakuli matatu yaliyopatikana Kiguu aliyapasua kwa nyundo. Fundi umeme alibadilisha waya wote wa tanuri, na Kiguu alinunua maikrowevu kuukuu ambayo hakupikia kitu. Kila chombo kilichotoka tanurini kilipita humo na kikombe cha maji pembeni, hata iwe sahani ya kuwekea sabuni.

Lililobaki ni bakuli la mwanamke mwenye viatu vyeupe. Kiguu alibandika karatasi kwenye geti la gulio, la zahanati mbili na la hospitali kubwa: Kama ulinunua bakuli lenye mfuniko, mikwaruzo mitatu chini, usipikie, lirudishe kwa mfinyanzi. Jumamosi nne alisimama langoni akitazama miguu ya watu. Mara mbili alimkimbilia mwanamke asiye yeye, akaomba radhi akihema. Kaka yake alimwambia aache, huenda mama huyo anaweka ndizi humo. Kiguu aliitikia. Wiki iliyofuata mvua ilichakaza karatasi ya zahanati, naye akaenda kubandika nyingine, na akiwa njiani alikuwa akitazama viatu.