Mpishi wa Kambi Asiyekuwa Skauti

Jina lake la kuzaliwa walilijua mumewe, mkubwa wake wa kazi na watu wa benki. Wengine wote walimwita Mama Sufuria, naye aliitika bila kinyongo, maana sufuria ndiyo iliyompa mkate wake. Alikuwa mpishi katika jiko la hospitali, chumba kirefu chenye madirisha ya juu na sakafu isiyokauka, ambako uji wa wagonjwa ulikorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Aliwajua wagonjwa kwa sahani zao tu. Huyu anarudisha wali, huyu anarudisha kila kitu, huyu ameanza kulamba kijiko, basi muda si mrefu ataruhusiwa.

Katika mambo ya skauti aliingia kwa bahati. Binti yake alijiunga na kundi la mtaani kwao, na kambi ilipokaribia mpishi wao akashikwa na mgongo hata kuinama hawezi. Kiongozi wa kundi, ambaye watoto walimwita Mkuu na watu wazima walimjua kama kinyozi, alikuwa akimnyoa mume wa Mama Sufuria tangu wote wawili wana nywele za kutosha. Akaja mlangoni na kitana bado kimechomoza mfukoni.

"Shemeji, niokoe," akasema. "Kambi hii tu."

Kambi hii tu ikazaa nyingine, na ile nyingine ikazaa wajukuu. Binti akakua, akaacha skauti, akaolewa, akahamia mji mwingine. Mama mtu akabaki kambini. Kila likizo ndefu aliomba ruhusa kazini, akakunja aproni yake, akapanda lori pamoja na mahema.

Jiko lake la kambini lilikuwa mawe makubwa, masufuria meusi tii, ubao wa kukatia na gogo la kukalia. Wageni walidhani gogo lile ni la kupumzikia mpishi. Lilikuwa la watoto. Mtoto aliyekuja kambini mara ya kwanza, jioni ikiingia naye akianza kukumbuka kwao, alijikuta amefika jikoni bila kujua miguu imemletaje. Mama Sufuria hakumuuliza kitu. Alimpa kisu kidogo na viazi amenye. Akiona hali ni mbaya zaidi anampa vitunguu, maana mbele ya kitunguu hakuna anayeulizwa kwa nini analia.

Basi mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka ule wa mkutano.

Walikutana darasani baada ya wanafunzi kuondoka, watu wazima na heshima zao wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Mbele alisimama Mwalimu, binti mwembamba wa somo la hesabu aliyekuwa mgeni katika kundi. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikutetereka. Ubaoni alikuwa ameandika maneno mawili tu, maadili na mabadiliko, na kati yake ameweka alama ya kuuliza.

"Tunawaambia watoto wajitegemee," alisema, "halafu tunawapanga foleni na sahani mkononi kama wagonjwa wodini. Naomba kambi ijayo kila kikosi kijipikie. Wapange wenyewe, wawashe moto wenyewe, waunguze wenyewe."

Macho yote yakageuka taratibu kuelekea kiti cha nyuma alikokaa Mama Sufuria.

"Mimi nina tumbo dhaifu," akasema Fundi Umeme, kijana aliyesimamia mahema na aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo. "Nisije nikafia kwenye maadili."

Watu wakacheka, ila Mkuu hakucheka. "Kundi hili limekula kwenye sufuria moja tangu lianze," alisema. "Kula pamoja ni maadili pia, Mwalimu. Kila kipya si dawa."

"Na kila cha zamani si tiba, Mkuu."

Wakavutana pale, huyu akivuta kwake na yule kwake, mpaka Mwalimu, ili kuwapoza, akaomba jambo jingine. Kila mmoja aseme ni maneno gani katika ahadi ya skauti yanayomfanya aendelee kujitolea. Fundi Umeme akasema yake, safari hii bila mzaha. Mkuu akasema yake. Zamu ikazunguka mpaka kiti cha nyuma.

"Mimi niruke," alisema Mama Sufuria.

"Useme tu, mama, hata kwa kifupi."

"Sina la kusema, mwanangu. Mimi sijawahi kuahidi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Ikabidi aeleze kwamba miaka yote hiyo, watoto walipoahidi bendera ikipanda, yeye alikuwa akikoroga uji. Hakuwahi kuvalishwa skafu. Hakuwahi kuombwa, naye hakuwahi kuomba. Mkuu alitazama mikono yake ya kinyozi kama mtu aliyegundua amemnyoa mteja upande mmoja na kumwacha aende zake mjini.

"Lakini wewe ni mwenzetu, shemeji," akasema hatimaye.

"Ni mwenzenu, ndiyo. Mwenzenu wa jikoni." Hakusema kwa hasira. Akasimama, akachukua mkoba wake. "Watoto wajipikie. Mwalimu kasema kweli."

Njiani ndipo hasira ilipomkuta. Alitembea akijibishana na watu ambao hawakuwapo, na kila jibu lake lilikuwa kali kuliko lile alilolitoa darasani. Mumewe, dereva mstaafu ambaye sasa alishinda akitengeneza redio za majirani, alimwona anavyovua viatu akajua.

"Kwani wamekufukuza?"

"Wamenistaafisha. Tena kwa adabu, ndiyo inayouma."

Mumewe alizima redio aliyokuwa anaichokonoa. "Basi pumzika, mama watoto. Sufuria si mume."

"Hata mume naye si sufuria. Sufuria ukiiosha inanyamaza."

Alipompigia binti yake simu alitarajia kutetewa. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Mama, usinichukie. Mimi nilikwenda kambi zile zote na sijawahi kuwasha moto hata mara moja. Nyumbani nako kila nikishika mwiko unaniambia toka, unanichelewesha. Nilipoolewa chakula cha kwanza nilichopika, mume wangu alikula kimya kama mtu anayesomewa hukumu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia toka, unanichelewesha."

Wakacheka wote wawili, lakini simu ilipokatika Mama Sufuria alikaa jikoni kwake kwa muda bila kuwasha kitu. Alijiona na mwiko mkononi, amesimama katikati ya mlango, na nyuma yake msururu wa watoto walioshiba ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupita ndani. Kuwalisha aliwalisha. Ila hakuwahi kufikiri kwamba mkono unaotoa unaweza pia kuziba njia.

Siku iliyofuata, baada ya zamu, alimfuata Mwalimu shuleni akamkuta anasahihisha madaftari.

"Nataka kuja kambini," akasema, "lakini sitaki kupika. Nataka kuahidi."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Inabidi ujifunze kwanza, mama. Mafundo, ramani, huduma ya kwanza. Siwezi kukupa skafu hivi hivi, eti tu kwa sababu nakuheshimu."

"Ungenipa hivi hivi nisingekuja tena."

Akajifunza. Ramani ilimpiga chenga. Aliishika juu chini na kudai mto umehama. Mafundo aliyafanyia mazoezi kwa kamba ya kuanikia nguo, akimfunga mumewe mkono kwenye kiti huku bwana mkubwa anasikiliza taarifa ya habari. Mara moja fundo likagoma kufunguka, ikabidi jirani aitwe na kisu. Habari zikaenea mtaani kabla nguo hazijaanikwa tena.

Kambi ikafika. Uwanja ulikuwa ule ule, nyasi na miti na mto mdogo nyuma, lakini masufuria makubwa yalikuwa yamebaki stoo. Kila kikosi kilikuwa na kijisufuria chake na kuni zake. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zikawa mbichi, na saa ya kula ilipofika uwanja mzima ulifuka moshi bila moto. Mama Sufuria alikabidhiwa kuangalia kikosi kilichoongozwa na msichana mrefu waliyemwita Twiga. Muda ukapita, na wenzao wakawa wameanza kula. Wao walikuwa bado wanapuliza.

"Mama Sufuria, tusaidie," Twiga alisema, macho mekundu kwa moshi.

Vidole vilimwasha. Aliona kosa lao tangu alipofika, kuni mbichi bila kaa hata moja chini yake, akaikalia mikono yake. "Nina njaa kama nyie," akasema. "Kikosi changu ndicho hiki. Mkila nitakula, msipokula nami nitalala njaa."

Wakagombana, wakanuniana, kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba jirani zao wana makaa mazuri. Twiga hakutaka kuomba. Alizunguka mafiga akitafuta namna ya kutoomba, akaikosa, akaenda. Alirudi na makaa kwenye kifuniko na jirani wawili waliokuja kuona yatatumikaje. Wali uliiva upande mmoja, upande wa pili ukawa uji. Mama Sufuria alikula wote aliopewa. Alikuwa amepika maisha yake yote, na hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimpakulia yeye.

Kulikuwa bado na mwanga wa jioni Mkuu alipopuliza filimbi ya kuhesabu watoto, ikaonekana mmoja hayupo. Alikuwa mdogo kuliko wote, mpole, wa kikosi kingine. Fundi Umeme akakimbilia mtoni. Mwalimu akaenda barabarani. Mkuu akawa anaita jina la mtoto kwenye miti.

Mama Sufuria hakukimbia. Alisimama akafikiri, kisha akatembea mpaka kwenye kona ya uwanja ambako jiko lake lilikuwa likikaa kila kambi. Mawe yalikuwapo, yamezungukwa na nyasi. Gogo nalo lilikuwapo, na mtoto amelikalia, amekumbatia magoti.

Akakaa kando yake. "Umepotea?"

Mtoto akatikisa kichwa. "Kaka yangu aliyekuja kambi zile aliniambia nikijisikia vibaya niende jikoni. Nimekuja, jiko halipo."

Mama Sufuria hakuwa na kiazi, hakuwa na kitunguu. Alikuwa na kipande cha kamba mfukoni, akakitoa, akamwambia, "Kuna fundo linanishinda. Nishikie huku." Wakawa wanalifunga na kulifungua, mtoto akilia kidogo, akinyamaza, akilia tena, mpaka wakubwa walipowakuta.

Watoto walipokwisha kuingia kwenye mahema, viongozi wakakaa kwenye mkeka. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Kosa ni langu. Tulirudishe jiko."

"Ni kweli, turudi tulikotoka," akadakia Mkuu.

"Hapana," alisema Mama Sufuria. Walimwangalia, kwa kuwa yeye ndiye waliyemtegemea kukubali haraka kuliko wote. "Twiga leo ameenda kuomba makaa. Mimi ningempikia asingeenda kamwe. Hilo msilirudishe. Lakini jiko lile halikuwa la chakula tu, nami sikuwahi kuwaambia, kwa hiyo Mwalimu angejuaje? Mtoto anataka mahali pa kwenda bila kutoa sababu. Mwekeeni birika la chai na mtu mzima asiye na maswali. Wekeni zamu. Hata wewe, shemeji."

"Mimi nitawafanyisha nini?"

"Wape viatu wapige rangi. Vyako vinahitaji."

Fundi Umeme ndiye aliyecheka wa kwanza, na Mwalimu akamfuata, akifuta macho. Asubuhi birika lilikuwa juu ya mawe.

Siku ya kuvunja kambi alisimama mbele ya bendera pamoja na watoto waliokuja mara ya kwanza, akiwa mrefu na mnene katikati yao kama kuku na vifaranga. Aliinua vidole vitatu. Maneno alikuwa ameyakariri jikoni, kitandani na kwenye foleni ya maji, lakini alipofika kwenye kusaidia watu wengine sauti ikakwama. Watoto wakadhani amesahau, wakamnong'oneza. Hakuwa amesahau. Akamaliza. Mkuu alimvalisha skafu, na mikono iliyozoea shingo za watu ikachukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilichelewa, shemeji," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Umechelewa. Usinikabe basi."

Bado anapika hospitali. Siku za mapumziko husimamia watoto wadogo wa kundi, na mara ya kwanza alipowapeleka matembezini kwa ramani aliwapoteza. Walizunguka mashamba mpaka miguu ikauma, wakamuuliza njia mwenye baiskeli, kisha wakamuuliza mwingine kwa kuwa wa kwanza hawakumwamini. Walirudi wazazi wamejaa kwenye geti la shule. Mama mmoja, akiwa amekasirika kidogo, alimuuliza mwanawe wamefundishwa nini siku nzima.

"Tumefundishwa kuuliza," mtoto akasema, akaomba maji ya kunywa.