Kiti cha Mama Ciru

Safari hii ilianzia kwenye nyonga ya mke wangu. Tangu nistaafu ualimu, mimi na Mama Ciru tumekuwa watu wa barabarani. Tunafunga sweta na chupa ya chai nyuma ya pikipiki yetu nyekundu, tunatoka Nakuru asubuhi na kurudi jioni tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Pikipiki hiyo niliinunua mpya nikiwa mwalimu kijana, na injini yake naijua kama mzazi anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Lakini kiti chake cha nyuma ni kigumu, na pa kuwekea miguu pako juu. Mwaka huu Mama Ciru alianza kushuka akiwa ameshika kiuno. Daktari akamwambia atafute kiti kingine au apumzike. Yeye akaniambia atabaki nyumbani, mimi niendelee peke yangu. Alilisema hilo kwa upole sana, na ule upole ndio ulionitia hofu. Nikaamua kubadilisha pikipiki.

Jumatatu, Nakuru. Katika duka la kwanza muuzaji alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, kwa hiyo alituachia pikipiki ndefu ya buluu tuijaribu hadi Mau Narok, nyekundu ikibaki kwake kama dhamana. Baada ya Njoro barabara ilianza kupanda, na ile buluu ikapanda nayo bila kulalamika. Pande zote ngano ilikuwa imeiva, upepo ukiilaza na kuiinua, na baridi ikatuingia mikononi. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti.

Mau Narok tulifikia kwa dada yake Mama Ciru, mkulima wa viazi, ambaye alitupikia mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda na kututania mchana kutwa. Alinisimulia jinsi mke wangu, akiwa msichana, alivyokuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli ya baba yao, akiteremka mlima miguu ikiwa hewani. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Dukani Mama Ciru alikuwa ameipandia kwenye ngazi ya mlangoni, lakini wakati wa kuondoka pale alishindwa kuipanda ile buluu. Ilibidi dada yake aburute gunia la viazi, mke wangu akanyage hapo ndipo afike kitini.

"Shemeji," aliniambia yule dada, "ukinunua hii, nunua na gunia."

Niliirudisha dukani shingo upande.

Jumatano, barabara ya Gilgil. Ya pili ilikuwa ya betri, kutoka duka lingine. Haikutoa sauti hata kidogo. Mbuzi wa kando ya barabara hawakutusikia, na Mama Ciru alinong'ona njia nzima kana kwamba tuko kanisani. Kiti kilikuwa laini. Ila tulipokuwa tunarudi, mlima mmoja ulikula chaji karibu yote, na tuliingia Nakuru kwa mwendo wa mtu anayesindikiza bibi harusi. Tulicheka sana, lakini hatukuichukua.

Jumamosi, Naivasha. Fundi wangu alikuwa ameniambia kuhusu mzee mmoja wa Kihoto, Hassan, aliyekuwa anauza pikipiki yake ya kijivu. Tulikwenda kwa ile nyekundu, tukisimama mara kwa mara ili Mama Ciru anyooshe mguu. Hassan alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na mandazi ya moto. Maji ya ziwa yalikuwa yamemfukuza katika nyumba yake ya kwanza, naye akatoka akiendesha hiyo hiyo kijivu huku maji yakigusa tairi. Sasa macho yake hayakuwa tena ya barabara. Alitwambia tuizungushe Ndabibi, tuone wenyewe.

Ilikuwa pikipiki fupi, pana, ya kuwashwa kwa kubonyeza kidude. Njia ya Ndabibi ilikuwa tambarare na nyeupe kwa vumbi, mashamba ya mahindi upande mmoja, milima upande mwingine. Nikamuuliza Mama Ciru kiti kikoje. Akasema ni afadhali, lakini bado panauma. Nikavunjika moyo. Nilikuwa sina pikipiki nyingine ya kujaribu.

Ndipo akanigonga begani.

"Baba Ciru, simamisha. Nataka kukaa mbele."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikashuka, nikamwonyesha klachi, gia na breki. Ilizimika mara ya kwanza, ikazimika tena, na mara iliyofuata iliruka kama ndama. Lakini usawa wa mwili alikuwa nao tangu enzi za maziwa. Nilikimbia pembeni yake kidogo, kisha nikabaki nyuma nikihema, naye akapotelea kwenye kona.

Hakurudi. Nilianza kutembea, halafu nikatembea haraka, nikifikiria mitaro, ng'ombe na ile nyonga. Mwishowe nikasikia injini. Alitokea amekaa wima, helmeti imeegemea upande mmoja, akitabasamu mpaka meno ya nyuma. Punda milia walikuwa wakivuka barabara, akanieleza, kwa hiyo alizima, akawangoja wamalize.

"Na nyonga?" nikauliza.

"Nyonga gani?"

Miguu ikiwa chini na mbele, alikuwa hajasikia maumivu yoyote. Kwa Hassan nilianza kuongea habari ya kuiacha ile nyekundu kama sehemu ya malipo. Mama Ciru akanikatiza.

"Nyekundu ni yako. Hii ni yangu."

Bei waliimaliza wao wawili, mimi nikinywa chai.

Siku ya kuichukua, Naivasha tena. Kijivu ilibaki kwa Hassan mpaka Mama Ciru alipomaliza mafunzo Nakuru na kupata leseni. Alikuwa mkubwa kuliko mwalimu wake, na wanafunzi wenzake walimwita mathe, yaani mama, na kumpigia makofi. Siku hiyo alivumilia kiti changu cha nyuma kwa mara ya mwisho. Kurudi, nilimwacha atangulie. Alienda polepole, akitoa ishara kila kona, na malori yakampa nafasi.

Juu ya Elementaita alisimama kando ya barabara. Nikaegesha nyuma yake. Alikuwa amevua helmeti, anatazama ziwa lote likimeta kule chini, na mstari wa rangi ya waridi wa ndege flamingo ukingoni. Pale tumepita pamoja mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara nimempigia kelele atazame.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema. "Mimi nilikuwa naona nusu. Nusu ile nyingine ilikuwa mgongo wako."

Miaka yote hiyo nilidhani tumekuwa tukiiona barabara moja. Nikamimina chai, tukanywa tukiwa tumesimama, kila mmoja ameegemea pikipiki yake.