Mapazia yaliyolikosesha bweni paa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa ya darasa la kidato cha kwanza inawaka, na sauti ya matroni inaingia kabla ya matroni mwenyewe.

"Amkeni, wanangu! Mwalimu wa hesabu hafundishi magodoro!"

Wasichana arobaini na sita wanainuka kwenye chumba kilichojengwa kwa wanafunzi thelathini. Wanakunja magodoro, wanayabeba kichwani hadi stoo, wanashusha madawati yaliyopangwa moja juu ya jingine ukutani, wanafagia. Ikifika saa moja, anayeingia hatajua kwamba watu walilala hapa, labda kama ana pua kali.

Huu ni mwaka wa nne wanalala hivi. Shule hii ya misheni ilianza ikiwa ya kutwa, na sifa zake zikavuta watoto wa mbali kabla mtu hajafikiria watalala wapi. Waliokosa nafasi darasani wamepanga vyumba huko karibu na stendi, watatu watatu, na wazazi wao hawalali usingizi.

Matroni ana miaka hamsini na minne, kumi na saba kati yake akiwa hapa. Waumini wanamwita Mama Tofali. Kila Jumapili kanisani, matangazo yakiisha, husimama mbele yao na tofali mkononi. "Siombi nyumba mimi," huwaambia. "Naomba mwenzake huyu." Watu hucheka, na wakicheka hutoa. Ndivyo bweni la vitanda sitini lilivyopanda hadi usawa wa lenta, pale juu ya madirisha.

Likaishia hapo. Ndani nyasi zimefika magotini, na mbuzi wa padri wamepageuza pao. Ukimuuliza kulikoni, wala hatafuti wa kumlaumu.

"Paa nililifukuza mimi," anasema. "Kwa mikono yangu hii hii."

Ilikuwa hivi. Mwaka jana lilikuja kundi la wafadhili kutoka mbali, watu watano, kuangalia kama shule ina shida kweli ili walipie paa lote: mbao, mabati, misumari na fundi. Mkuu wa shule alikuwa safarini, akamwachia matroni kazi ya kuwapokea. Basi mama wa watu akafanya kile ambacho mama yeyote hufanya akisikia hodi ya wageni wa heshima. Akapamba.

Siku tatu hakukaa chini. Aliazima vitanda kwenye zahanati ya masista. Aliazima mashuka kwa kina mama wa kwaya, na mapazia sebuleni kwa padri. Magodoro yaliyochakaa akayafungia stoo. Wasichana ishirini na sita akawapeleka uwanjani wakacheze mpira wa pete, ili chumba kisionekane kimejaa.

"Wakaniuliza, wanalala hapa wangapi? Nikawaambia ishirini. Waliobaki chumbani si ndio walikuwa ishirini?" Anatikisa kichwa. "Wakaniuliza, mama, mnahitaji nini hasa? Jamani! Paa liko mdomoni kabisa. Nikasema, 'Aa, tunamshukuru Mungu, nyie tuombeeni tu.'"

Wageni walisifu mapazia, wakapiga picha, wakaaga. Baada ya mwezi mmoja barua ikaja. Mkuu wa shule aliisoma ofisini, mara mbili, matroni akiwa amesimama. Walishukuru kwa mapokezi mazuri. Walifurahi kuona wasichana wanaishi vizuri. Fedha zile wameamua kuzipeleka kwenye shule yenye uhitaji mkubwa zaidi.

Mpishi wa shule, mzee mwenye mdomo usio na breki, hajamwachia mpaka leo. "Mficha uchi hazai," anasema huku akikoroga sufuria. "Sisi tulificha mpaka tukaonekana tumeshazaa na kunyonyesha!" Matroni hucheka naye. Halafu akigeuka unaona macho yake hayakuwemo kwenye kicheko.

Kwa maana kuna kitu ambacho hakimchekeshi hata kidogo. Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa muuza mkaa, kwao kilomita kumi na mbili kutoka shuleni. Alikuwa miongoni mwa wale wa stendi. Mlango wa chumba chao ulipovunjwa na wezi, kabla ya ile barua, baba yake alikuja kumchukua. Matroni alimsihi mpaka akalegea. "Shule zikifunguliwa Januari, mwanao atalala kwenye kitanda chake, kaka yangu. Nakuahidi."

Januari ikaja bila paa. Muuza mkaa hakugombana na mtu. Alibeba sanduku la binti yake begani, akasema asante, akaondoka naye.

Matroni amemfuata msichana mara tatu. Sasa binti anajifunza kushona kwa shangazi yake, na mshono wake umeshaanza kunyooka. Mara ya mwisho matroni aliomba radhi waziwazi, akamweleza jinsi fedha zilivyopotea. Msichana alisimamisha cherehani.

"Yale mapazia ya padri, matroni, nilifua mimi," akasema. "Nikayapiga na pasi. Nilijua wakiyapenda watatujengea."

"Hebu fikiria," anasema matroni. "Mtoto kafua pazia la kumziba yeye mwenyewe. Na aliyempa sabuni ni mimi."

Mwezi ujao shule itafanya changizo jingine, na safari hii matroni kaweka masharti yake. Kadi za mwaliko zinasema saa kumi na moja alfajiri. Wageni watapita mlangoni magodoro yakiwa bado chini na wasichana wote arobaini na sita ndani, wenyewe wakiwa wamekubali. Mkuu wa shule aliuliza kama hiyo si aibu. "Aibu nimeshaila," alimjibu. "Imebaki kuona kama ina faida."

Kadi ya kwanza aliipeleka yeye mwenyewe kwa muuza mkaa. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akasema atakuja. Msichana mwenyewe alisema anakaribia kumaliza mafunzo, na mwakani anatimiza miaka ishirini.

Matroni anajua maana yake: harudi tena shule. Hata hivyo amekwishapanga: vitanda sitini vikiingia, atagawa hamsini na tisa.

"Kimoja cha chini, karibu na dirisha, nitakitandika kila Jumatatu," anasema. "Wakiniuliza mbona kitupu na watoto wamejaa, nitawaambia kina mwenyewe."