Kufuli Nje, Mtu Ndani

Mume wa dada yangu ni fundi kufuli, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Nani Kasema. Ukimwambia maji ya bomba yamekatika, atauliza, "Nani kasema?" Ukimwambia amechoka, apumzike, atauliza vilevile. Siku ya harusi yake walipotangaza kwamba chakula kiko tayari, bwana harusi aliinuka akaenda jikoni kuhakikisha. Nilicheka mpaka machozi, kwa kuwa wakati huo sikujua kwamba iko siku nitakuja kukaa naye nyumba moja.

Nilihamia kwao baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nyumba yao iko mwisho wa mtaa, kule chini, mita chache kutoka kwenye mto uliojengewa ukuta wa zege. Sebule ni nusu sebule, nusu karakana: kuna kochi, kuna benchi la chuma, kuna makopo ya funguo zisizo na makufuli na makufuli yasiyo na funguo, na nguo zote za mle ndani zinanuka grisi. Madirisha yana nondo nene. Mlango ni wa chuma, na komeo lake liko nje, limekazwa kwa boliti ambazo shemeji alizichomelea vichwa ili mwizi asizifungue kwa spana. Usiku anafunga kwa ndani kwa pingo la mbao, halafu anaamka mara kadhaa kulishika kama lipo.

Kazi yake anaijua, hilo simnyimi. Ukipoteza ufunguo anakuja na waya wake, anafumba macho, anasikiliza kwa vidole, na kufuli linaachia. Lakini halifungui mpaka umthibitishie kwamba nyumba ni yako. "Nyuma ya mlango kuna nini? Pazia la jikoni lina rangi gani?" Kuna mama mmoja alilowa chapachapa mlangoni pake mwenyewe kwa sababu alisema pazia ni la bluu, na shemeji alikuwa ameshachungulia akaona la kijani. Kumbe mkwewe alilibadilisha asubuhi ile. Mama wa watu alipiga chafya wiki nzima.

Sasa sikilizeni jinsi ugonjwa huu ulivyozidi. Mwaka juzi, katikati ya majira ya baridi, idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari ya mvua kubwa na hatari ya mafuriko. Wakazi wa mabondeni tukaambiwa tuhame. Tukahama mtaa mzima, mablanketi kichwani. Mvua yenyewe ikanyunya tu, ya kutuliza vumbi. Tuliporudi tulikuta nyumba tatu zimevunjwa, na ya kwetu ikiwamo. Wakati huo dirishani hapakuwa na nondo. Mwizi alipita hapo akaondoka na mashine ya kuchongea funguo.

Mtu mwingine akiibiwa hupewa pole. Fundi kufuli akiibiwa huchekwa. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha kinyozi, na huko ndiko kicheko kilikoanzia. "Mganga hajigangi!" walisema, na shemeji akayasikia yote akiwa amejiinamia kwenye benchi. Baada ya muda kinyozi alitundika kioo kipya ukutani, kikubwa, cha kumwonyesha mteja mpaka viatu vyake. Shemeji aliniita dirishani akaninong'oneza.

"Kioo kile kimetoka wapi?"

"Si kanunua?"

"Nani kasema? Nani alikuwa wa mwisho kuondoka siku ile? Yeye. Nani alikuwa wa kwanza kurudi? Yeye. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nisiwafiche, nami machale yalinicheza. Mtu anayechekacheka na kila mteja, asiyenuna hata siku ya Jumatatu, lazima ana jambo. Tangu hapo nikawa nikipita kibandani kwake najifanya natazama nywele zangu kwenye kile kioo, kumbe natafuta alama ya duka. Sikuiona.

Shemeji alikwenda mbali zaidi. Aliamini kwamba tahadhari yenyewe ndiyo mtego. "Mvua haina saa," alituambia mezani. "Hawa wanajuaje kwamba itanyesha kesho mchana? Anayekupangia saa ya kutoka nyumbani kwako anataka nini, kama si nyumba?" Dada alimjibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu kila mtu anayaona. Shemeji akasema mawingu hata yeye anayaona, asiyemwona ni aliye nyuma yake.

Mwaka huu tahadhari ikaja tena. Kwanza simu zote za mtaani zikalia kwa pamoja: mvua kubwa, tahadhari ya rangi ya chungwa. "Mvua ina rangi?" aliuliza shemeji, akaizima yake. Asubuhi likapita gari la kipaza sauti, polepole, likitapakaza matope. Ukuta wa mto una nyufa, lilisema. Wakazi waende shule iliyo juu ya kilima. Kila anayetoka afunge kufuli nje, ili waokoaji wakiliona wajue kwamba ndani hamna mtu, wasipoteze muda.

Shemeji alisimama katikati ya sebule akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyemaliza fumbo.

"Mmesikia? Kufuli nje, ndani hamna mtu! Mwizi atafurahi namna gani? Anaelekezwa nyumba kwa kipaza sauti."

Hapo ndipo alipotueleza mpango wake, na nywele zikanisimama. Yeye haondoki. Atabaki ndani, nyuma ya kabati, na nyundo. Sisi wawili tutatoka na mizigo yetu mbele ya macho ya watu, tutafunga kufuli nje, lile kubwa alilolitengeneza mwenyewe. Tukiulizwa, yeye ametangulia kwa ndugu yake. Mwizi akija kulivunja atamkuta mwenye nyumba. Simu itakuwa imezimwa, isije ikalia ikamharibia mambo.

"Na maji yakija?" dada aliuliza.

"Mwaka juzi yalikuja?"

"Mume wangu, ukifungiwa kwa nje utatokaje?"

"Utakuja kunifungulia jioni. Ufunguo ni huo mmoja. Asiushike mtu mwingine, na yule kinyozi asijue hata kwamba upo."

Dada yangu ni mtu wa kunyamaza. Ameolewa na maswali miaka mingi, akajifunza kwamba kunyamaza kunaokoa muda. Alifunga mizigo. Mlangoni alisimama na kufuli mkononi, akalitazama, akanitazama mimi. Ningesema neno hapo angeliacha. Lakini nami nilikuwa nataka kumjua huyo mwizi, nikanyamaza. Akabana kufuli, likalia ta, akauficha ufunguo kifuani.

Kinyozi alikuwa anapandisha viti vyake juu ya meza. Alitupungia mkono.

"Fundi yuko wapi, mama?"

"Ametangulia," dada akasema.

"Aisee, safari hii kasikia mapema," alisema kinyozi, akacheka. Nikajiambia, huyo, anahesabu watu.

Shuleni walitupa darasa la watoto wadogo, lenye madawati ya kugusa magoti kidevuni. Kijana wa uokoaji mwenye koti la njano alipita akiuliza kila familia kama wote wametoka. Dada alijibu, "Wote," bila kuinua macho. Mvua ilikuwa imeshaanza. Haikuwa ya kunyunya. Ilipiga bati mpaka watu wakaacha kuzungumza, baridi ikapenya chini ya mlango, na sisi tukakaa tumeshikana mikono kama tulivyokuwa tukifanya utotoni.

Kabla ya adhuhuri waliingia watu waliolowa mpaka nywele. Ukuta wa mto umebomoka, walisema, na nyumba za chini maji yamefika madirishani. Dada alisimama. Alipiga simu ya shemeji, haipatikani. Akapiga tena kama mtu asiyejua maana ya neno hilo. Tukakimbilia nje kumtafuta yule kijana wa koti la njano, tukaambiwa mtumbwi wa waokoaji umekwenda upande wa soko, na huku kwetu wamekwisha kupita. Kwetu walipita bila kusimama. Kufuli lilikuwa nje.

Aliyekuwapo pale getini ni kinyozi. Alikuwa ametoka kumvusha bibi mmoja kwa mpira wa gurudumu la trekta uliojazwa upepo, anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Dada alimtazama. Mkono wake ukaenda kifuani, nami nikaudaka.

"Usimpe huyo," nilimnong'oneza. "Mpe mtu yeyote, si huyo."

"Mtu yeyote yuko wapi?" dada akauliza, kwa sauti, mbele yake.

Akautoa ufunguo, akamwambia yote: kabati, nyundo, simu iliyozimwa. Kinyozi alisikiliza, na nilimwona anavyoelewa kidogo kidogo kwamba mwizi anayesubiriwa mle ndani ni nani. Hakucheka. Aliuvisha ufunguo kwenye kamba shingoni, akauinua mpira wake, akashuka.

Nilimfuata. Msinisifu, sikwenda kumsaidia, nilikwenda kumchunga. Nilisimama kwenye ngazi za duka la kona, mahali maji yalipoishia, ambapo mlango wetu unaonekana vizuri. Mtaa ulikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba magodoro na madumu. Kinyozi alishika nguzo hii, akashika ukuta ule, akafika. Maji yalikuwa yamepita komeo. Akavuta pumzi, akazama, akaibuka bila kitu. Akazama tena. Nikajikuta nasema, "Kulia, kulia zungusha," kana kwamba ananisikia. Mara ya tatu mlango ukafunguka kwa shida, akauvuta kwa mguu ukutani.

Nyundo ndiyo iliyotangulia kutoka. Niliiona ikishuka. Nilimsikia kinyozi akilia kwa uchungu, na juu ya kilio hicho sauti ya shemeji, imekauka kwa baridi, inapiga kelele: "Mwizi! Nimemkamata mwizi! Mwizi jamani!" Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Mtaa mzima haukuwa na mtu wa kumwitikia, isipokuwa mimi, na mimi niliona aibu kuitikia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine kinachovunjika ni mkono wa jirani yake.

Kinyozi alimkamata kwa mkono mmoja uliobaki. Shemeji alipigana naye mpaka nguvu zikamwisha, ndipo akalazwa juu ya mpira kama gunia, na yule mwenzake akasukuma kwa kifua, mkono wa kulia ukiningʼinia. Walipofika kwenye ngazi niliingia majini mpaka kiunoni nikawavuta. Kinyozi alinirudishia ufunguo kabla sijauliza. Nilikuwa nataka kuuliza, ndilo linaloniuma.

Muuguzi mmoja, naye mkimbizi kama sisi, aliufunga mkono kwa rula mbili za darasani na kitambaa cha kufutia ubao. Mfupa umevunjika, alisema, na vidole huenda visirudi kama zamani. Ni mkono wa mkasi. Kinyozi aliitikia kwa kichwa akatazama dirishani. Darasa zima lilikuwa limeshajua habari, na watu wote walimgeukia shemeji, aliyekaa dawatini amejifunika blanketi. Akainuka. Tukasema moyoni, haya, anakwenda kuomba radhi. Alimwendea kinyozi, akainama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ufunguo ulipewa na nani?"

Dada ndiye aliyesimama.

"Nilimpa mimi."

"Nilikuambia usimpe mtu."

"Uliniambia pia nifunge kufuli, nikafunga. Mkono huu ndio uliofunga. Ungefia mle ndani, mimi ndiye ningekuwa nimekuua, na ningeishi nalo mpaka nazikwa." Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. "Ulimfikiria mwizi. Ulifikiria boliti, ukafikiria dirisha. Mimi hukunifikiria hata kidogo."

Shemeji alikaa palepale sakafuni. Alifunika uso kwa blanketi, na mabega yake yakaanza kutikisika, na hakuna aliyemwendea. Dada akachukua kikombe cha chai, akakaa kando ya kinyozi, akamshikia anywe, maana peke yake asingeweza. Alikunywa kidogo, akasema asante, mama. Kioo chake kilikuwa chini ya maji wakati huo, na mpaka leo sijui alikitoa wapi.

Baada ya muda shemeji alishusha blanketi. Macho yalikuwa mekundu. Akamtazama mke wake, akakitazama kikombe, akamtazama kinyozi, na polepole akafungua mdomo kama mtu mwenye swali.

"Thubutu!" nilimwambia, na akaufunga.