Pipa la Bu Laili

Inaq Raehanun, yaani Mama Raehanun, hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Muuza samaki akimwapia kwamba samaki ni wa leo, atamfunua samaki huyo mashavu ahakikishe. Imamu akitangaza mwezi umeandama, atatoka uani autazame mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuuza kangkung, mboga ya majani, ya pilipili kwenye lango la shule, na hapo, huku akitwanga pilipili na uduvi, hakuna kilichoingia wala kutoka bila yeye kukipiga jicho.

Kwa hiyo siku pipa lilipoingia, aliliona. Lilikuwa la buluu, lenye mfuniko, likapelekwa moja kwa moja choo cha wasichana. Aliyelileta ni Bu Laili, mkunga mpya wa zahanati, mwanamke kijana aliyesomea mjini Mataram na ambaye, kwa maoni ya Inaq Raehanun, alicheka mno. Aliwakusanya akina mama akawaeleza: binti akiwa katika siku zake asikae na pedi moja kutwa nzima, abadilishe hukohuko shuleni. Kuiosha asisumbuke, maana chooni maji hakuna. Aifunge kwenye karatasi, aitie pipani.

"Mengine niachieni mimi," akasema, akacheka.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu pedi haitupwi na damu yake. Unaiosha, unaikamua, unaiosha tena mpaka maji yatoke safi, ndipo unaifunga ukaitupa. Ukiiacha na damu, selaq ataifuata. Na huyo selaq si mgeni, ni mtu kama wewe. Mchana anakuuliza habari za watoto, giza likiingia anatoka kutafuta damu ya kulamba. Binti aliyelambwa damu yake hana nafuu tena. Inaq Raehanun alifundishwa hivyo na mama yake, naye akamfundisha Raehanun, mwanawe wa pekee, siku ileile alipovunja ungo. Leo mtu anataka damu za wasichana wa kijiji kizima, halafu anasema niachieni mimi?

"Anazipeleka wapi?" akamuuliza jirani yake, Inaq Mahyun. "Kila Alhamisi naona mfuko umejaa, anaufunga kwenye pikipiki, huyoo."

"Zahanati, si ndiyo."

"Wakazifanyie nini huko?"

Inaq Mahyun alikuwa anachagua mchele, hakuinua macho. "Mume hana. Na ngozi imenyooka vile."

"Mimi sijasema kitu."

"Hata mimi sijasema. Nauliza tu."

Jioni ile Inaq Raehanun akamkalisha binti yake. "Choo kile usikikanyage. Hata kwa haja ndogo. Ukibanwa, vumilia mpaka urudi."

"Inaq, na nikiwa kwenye siku zangu?"

"Hasa ukiwa kwenye siku zako."

Raehanun alikuwa mtoto msikivu, akatii.

Ikaja homa. Ilimwanza mtoto akiwa darasani, na kesho yake asubuhi hakuweza hata kuketi; kiuno kinamkata, tumbo la chini linamuuma, anatetemeka kwenye joto la mchana. Inaq Raehanun alimkanda, akamwekea majani ya baridi kichwani, akasoma dua zote alizozijua. Mwanamke yule amempata mwanangu, akajiambia, ingawa nilimficha.

"Tuwaambie wanaume," Inaq Mahyun akasema, na tayari akina mama wengine walikuwa wamesogea.

Inaq Raehanun alijua maana yake. Mtu akishaitwa selaq pale kijijini hauziwi hata chumvi, na huenda paa lake likashika moto kabla hajafunga mizigo. Alimchukia Bu Laili kwa moyo wote siku hiyo, lakini hata chuki hakuiamini bila kuikagua.

"Ngojeni," akasema. "Leo Alhamisi. Nikaone kwa macho yangu."

Baada ya adhuhuri akapita shamba la tumbaku, akatokea nyuma ya zahanati. Bu Laili alikuwa amechuchumaa kisimani, mikono ya baibui ameikunja hadi kwenye viwiko, mfuko uko wazi, beseni mbele yake. Alikuwa anaosha pedi. Anaosha, anakamua, anamwaga, anaosha tena. Kando yake, tanuri la kuchomea taka lilikuwa linafuka moshi.

Alipoinua macho, alishtuka kama mtu aliyekutwa hajafunika kichwa.

"Usimwambie daktari wa zahanati," akasema taratibu. "Tumefundishwa tuzichome tu, kuosha ni kazi bure. Lakini mama yangu ni wa hukuhuku, Inaq. Mkono unakataa. Na mzazi akiniuliza, nataka nimjibu bila haya."

"Ya mwanangu iko wapi?" akauliza Inaq Raehanun. "Raehanun. Ana homa, kiuno na tumbo la chini vinamuuma. Nipe yake nikaizike."

Bu Laili akaweka beseni chini. "Ya Raehanun haijafika hapa hata mara moja. Choo kile haingii. Wenzake wanasema hata maji hanywi, asije akabanwa. Nikadhani ni haya tu." Akamtazama vizuri. "Anabadilisha saa ngapi?"

"Akirudi."

"Tangu alfajiri mpaka arudi? Na mkojo?"

"Anavumilia."

Mkunga hakucheka safari hii. Alifuta mikono haraka. "Hayo ni maradhi ya njia ya mkojo. Dawa ninayo, na akizidiwa tunampeleka hospitali. Panda pikipiki, twende."

Njia nzima Inaq Raehanun alimshika mwanamke yule kiunoni, na aibu ilimchoma kuliko jua.

Nyumbani Raehanun alipimwa, akapewa dawa na maji, akanywa vikombe viwili bila kupumua. Nje akina mama walikuwa wamejaa uani. Inaq Mahyun akamvuta mwenzake pembeni.

"Haya, sema. Ni yeye?"

"Nimemkuta anaziosha. Zote, za watoto wenu nyote."

"Sasa mtoto katiwa homa na nani?"

"Na mimi," akasema Inaq Raehanun. "Nilimwambia asiingie choo kile, akanitii. Wewe wako ulimwambiaje?"

Inaq Mahyun aligeuka akaangalia nyumba yake ng'ambo ya njia, ambako binti yake alikuwa amelala tangu jana akilalamika kiuno.