Mtani Aliyeteka Hisa Zangu

Shule niliacha darasa la nne, nikaja Dar kutafuta. Nilichonacho nimekichuma kwa mikono hii. Kwa hiyo nikimsifu mtu, ujue amestahili.

Nilikuwa mchomeleaji mtaa wa Gerezani, kwenye kampuni ya umma iliyotengeneza mabodi ya malori. Serikali ilipoiuza kwa tajiri, sisi wafanyakazi tulitengewa hisa, tukazilipia kwa kukatwa mshahara. Kila mtu akapewa hati yake. Wengi tuliiona karatasi tu, ya kuweka sandukuni, hailiki.

Haukupita muda wakaja walanguzi getini na pesa taslimu, wananunua hati. Mimi nilikuwa nakitaka mno kizimba sokoni Kariakoo. Nikapatana na mmoja tukutane kantini kwetu saa ya chakula.

Sasa pale kantini mpishi alikuwa mama wa Kizaramo, na mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu babu zangu walipoanza kuja pwani na misafara. Mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kununa, unakikomboa kwa fidia. Mama huyu ndiye pekee aliyemsikiliza mtu wa chama cha wafanyakazi mpaka mwisho: hisa zetu zikikaa pamoja, tunaingiza mtu wetu kwenye bodi ya wakurugenzi, tukiziuza mmoja mmoja, imekula kwetu. Alitueleza hayo kila alipopakua ugali. Tukamwambia aongeze mchuzi.

Siku hiyo nimeshapaka wino kidole gumba, mlanguzi ananisogezea fomu, mama akatoka jikoni na upawa mkononi. Akainyakua hati yangu, akaitia kifuani.

"Tangu lini mtumwa wangu anauza mali bila kuniuliza?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwomba taratibu anirudishie, nina shida.

"Shida yako naijua, Mnyamwezi. Kizimba utapata tu, mikono unayo. Kiti kwenye bodi kikiondoka, hakirudi."

Ningefanya nini? Kumkasirikia mtani ni aibu, na kuitafuta hati kifuani mwa mama wa watu ni aibu zaidi. Nikarudi kazini na kidole cheusi, moyoni nimevimba. Wenzangu watatu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni ya mlanguzi nao wakakunja hati zao, wakaondoka.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika ukumbini, jirani na Mnazi Mmoja. Mlangoni mama akanipa hati yangu, imenyooka, inanuka vitunguu. Nikamuuliza fidia yake ni nini. Akasema nisimame nimtaje mjumbe wetu, maana wenzangu wanawaogopa wenye tai. Yeye alimtaka karani wa stoo, msomi wetu.

Nikasimama. Nikamtaja mama mwenyewe.

Kisha mikono ya wafanyakazi ikaanza kupanda, huku mmoja, kule wawili, mpaka tukawa wote. Mama akanigeukia, akanitikisia kidole kama anatikisa upawa.

Alikaa kwenye bodi ile miaka mingi, kanga yake katikati ya makoti. Jambo lake la kwanza lilikuwa makaratasi yote yaandikwe Kiswahili, na wakayaandika. Asubuhi bado alipika chai yetu.

Kizimba nilikipata baadaye, kama alivyosema. Hisa ninazo mpaka leo. Nikipita kwake kumsalimia, hunikamata mlangoni.

"Ulinitia utumwani, mtani. Lete kuku."

Napeleka.