Wanafunzi Wenye Vipara

Enzi zetu, ku Kimemi, mtaa wetu, senema ilikuwa na harufu ya mazutu. Groupe ya umeme ilinguruma nyuma ya nyumba ya udongo, sisi watoto tukibanana juu ya mbao, karanga za moto mfukoni. Risasi zikianza kulia upande wa mlima, mwenye video alizima yote na kusema tu, "Mulale chini, kesho mutaona mwisho." Na kesho tulirudi. Watoto wa leo, réseau ya simu ikikatika kidogo, wanalia kama wamefiwa.

Kaseti zilitoka Uganda pamoja na marobota ya nguo kuukuu, hakuna aliyezichagua. Ndiyo maana tulipata zile filamu za kizamani za Wazungu, zisizo na rangi, za wanafunzi wa sekondari wanaopiga tarumbeta na kucheza mpaka sketi zinafunguka kama mwavuli. Zilikuwa za bei ya chini kweli. Kalasi, nyumba ya directeur, hospitali, vyote vilikuwa na ukuta uleule, na mlango ukifungwa kwa nguvu ukuta mzima unatetemeka. Hata mwezi ulikuwa wa kuchora. Tulizipenda kama sombe ya muhogo yenye mawese.

Wakati huo dada yangu Masika, mkubwa wetu, alikuwa ameacha masomo. Vita ilitukimbiza mpaka Kalunguta, tukalima huko miaka, na tuliporudi mjini alikuwa tayari mwanamke, lakini nafasi yake ilikuwa katika kalasi ya watoto wanaong'oka meno. Walimwita koko, yaani bibi. Hakumaliza wiki. Akavua uniforme, akasema, "Mi hapana tena." Baba akakubali haraka sana; kulikuwa na familia ya Beni iliyokuwa inamuulizia kwa ndoa. Mama aliifua ile uniforme, akaikunja, akaiweka.

Siku moja nikamvuta Masika twende video. Katika filamu akatokea mwanafunzi, vitabu kwapani, kipara kinang'aa. Rafiki yake alikuwa na mikunjo chini ya macho. Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Tala, muone! Mutoto wa masomo, huyu? Iko na bajukulu!"

Paluku, bwana aliyetutafsiria, akapiga ukuta kwa fimbo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuza samaki kule mpakani. Kile cha filamu kilimpita juu ya kichwa. Lakini Paluku hakuwahi kushindwa kueleza kitu.

"Muache kucheka! Kwabo pia kulikuwaka vita. Balikimbia ku pori, masomo ikafungwa. Njo maana bamezeekea mu kalasi. Lakini muone, banacheza!"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema polepole, "Pole yabo. Kumbe hata Bazungu." Tukamwangalia yule mwenye kipara kwa macho mengine. Aliporuka na tarumbeta yake, tulimpigia makofi kama ndugu aliyerudi kutoka porini.

Masika hakupiga makofi. Njiani akaniuliza, "Ule wa kipara, anasoma kalasi ya ngapi?"

"Ya sita, nafikiri." Nilijua wapi?

Asubuhi uniforme haikuwepo pale Mama alipoikunja. Ilikuwa mlangoni, Masika ndani yake. Baba akafoka: "Nani ataoa muzee wa kalasi?"

"Papa, mi siyapata kipara bado," akajibu, akaenda.

Miaka ikapita, professeur mmoja akatuambia ukweli: zile filamu zilipigwa haraka, kwa pesa kidogo, wakachukua watu wazima tu na kuwavalisha uanafunzi. Nikakimbia kumwambia Masika. Alikuwa anajiandaa kwa examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Haizuru," akasema. "Mi nilishafika."

Sasa niwaambie kwa nini nimekasirika. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni anacheka: "Mama, ku kalasi yetu kuko koko!" Ni msichana aliyekimbia vita kutoka Kamango, mwenye mtoto tayari. Na mwalimu naye alicheka. Mwalimu! Nilitupa mwiko chini. Sisi tulikuwa na video moja, kaseti zilizochakaa na mtafsiri muongo, na bado tulijua kunyamaza mbele ya mtu aliyenyang'anywa miaka yake. Hawa wana dunia nzima mfukoni, lakini wanafunzi wa filamu zao wote wana nyuso laini na meno meupe, hakuna hata mmoja aliyechelewa. Watajifunzia wapi?

Nikamkalisha jikoni, nikamsimulia yote kama Paluku alivyoyasema. Dansi pia nikamwonyesha, mwiko mkononi. Akacheka.

Asubuhi, akifunga viatu, akaniuliza:

"Mama, bale ba kipara, balimalizaka masomo?"

"Bote," nikamwambia. "Sasa shika na hii mukate ingine. Ni ya mwenzako wa Kamango."